Salumu Ametuhama

Mtoni, Jumapili, 1953

Basi ni kweli. Salumu, mwendesha baiskeli wetu hodari, amehamia timu ya Kinondoni. Leo nilimkuta uwanjani akichukua pampu yake.

"Dada, mie sina ugomvi na nyie," alisema. "Lakini njia yenu ya mbio ni matope matupu. Nitavunjika shingo."

Hakusema uongo. Mvua imeila kona ya mwisho, na wapo wanaotaka mashindano yahamishiwe Kinondoni.

Nikamtakia heri. Kisha nikachukua jembe, nikaanza kuijaza kona kifusi. Wanaume walikuwa wakinicheka. Baadaye, mmoja mmoja, wakaja na makarai.

Nani atatuendeshea sasa? Sijui, na naogopa. Lakini Kinondoni waje tu. Tutashindana hapahapa Mtoni, hata tukishindwa.