Msichana wa Jikoni Kwangu

Jumatatu, 2 Septemba
Nimeamka, chai iko mezani. Nadia ameshafagia ua, ameosha vyombo, ameloweka nguo. Ana miaka kumi na tatu. Mama yake, muuza nyanya wa mtaa wa Kinama, alimwachisha shule mwaka jana alipomaliza darasa la tano, akamleta kwangu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wangu wako mbali. Nilitaka mtu nyumbani. Sikuuliza zaidi. Mimi, mwalimu.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimekuta karatasi nyuma ya gunia la mkaa. Dikte za wanafunzi wangu, zile imla nilizompa awashie moto. Nadia amezinakili upya kwa penseli na kurekebisha makosa. Hata kosa moja nililoliruka mimi nikisahihisha.
Aibu. Nimezirudisha nilipozikuta.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia nitamwandikisha shuleni kwangu, akae hapa hapa Mutanga, jioni nimfundishe. Nilitegemea furaha. Ameinamisha kichwa.
"Apana, mwalimu. Mi nataka kusoma kwetu."
Nimekasirika. Kutwa nzima sikumsemesha. Kumbe hakunipenda hata kidogo? Mwaka mzima tunakula pamoja.
Uongo. Mimi mezani, yeye jikoni.

Jumanne, 10 Septemba
Nimekwenda Kinama. Mama Nadia hakushukuru.
"Akirudi, wadogo zake watakula nini, mwalimu?"
Wadogo watatu, mmoja mgongoni. Walikuwa wananitazama. Nimesema mshahara wa Nadia utaendelea kuja mpaka amalize darasa la sita.
"Na kazi yako atafanya nani?"
Mimi.
Nimetoka pale naogopa. Si kazi. Naogopa jioni.

Jumamosi, 14 Septemba
Ameondoka asubuhi na mfuko wake mmoja. Nimempa madaftari na kalamu. Mlangoni amenishika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mgeni anayeaga. Hakulia. Hakugeuka nyuma.
Mimi nimelia. Nimejifungia chooni kulia, kana kwamba kuna mtu wa kunisikia.

Jumatatu, 16 Septemba
Shule zimefunguliwa. Darasa langu limejaa mpaka mlangoni. Mchana Mama Nadia amepiga simu: mtoto amepokelewa, yuko darasa la sita, amekaa mbele. Vizuri.
Nimepika maharage. Nimetafuta chumvi kwenye kabati zote. Sijui Nadia alikuwa anaiweka wapi.
Nimekula hivyo hivyo.