Mita ni ya Wakubwa

Emali, Jumatatu

Kwako ndugu yangu Musembi,

Natumai huko Kilungu mvua imefika na maembe yamekubali. Hapa Emali ni vumbi tu, lakini duka langu la spea za redio linaenda vizuri.

Mama amenipigia simu. Anasema umeshindwa kabisa na redio ya Baba, na umemwambia kichwa chako ni gogo. Alikuwa analia. Pole.

Unakumbuka uliponiuliza mtu anayeanza ufundi anunue nini? Nilikuambia spea na chuma cha kulehemu vinamtosha, mita ya kupimia kama spea ni nzima ni ya wakubwa. Basi kila transista uliyoagiza kwangu niliipima kwanza hapa mezani. Nzima niliwauzia wateja. Iliyokufa nilikufungia wewe vizuri, nikaandika "mpya" juu yake.

Hiyo redio ilipokufa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeitengeneza, nikiwa darasa la saba. Ulijua. Lakini Baba alipokusifu wewe ulinyamaza, na Jumapili pasta akaishika mikono yako mbele ya kanisa, akaiombea. Wewe ukaendelea na shule. Mimi nikapewa jembe.

Kichwa chako si gogo, Musembi. Kazi yako ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Ndani ya mzigo huu kuna mita, ni zawadi. Pima zile spea zote, moja moja, kwa hiyo mikono iliyoombewa. Ukimaliza, mwambie Baba aniletee redio yake.

Dada yako,
Syombua