Ubao Wenye Tundu la Kitasa

Jumapili, 11 Julai 2004
Barua ya rafiki yangu Inamahoro imefika kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Anaolewa Jumamosi, kwao Nyanza-Lac, Burundi! Anasema upepo wa kusini umeanza na mawimbi ya huko yanasimama kuliko ya kwetu Kibirizi. Akishaolewa, wakwe hawatakubali alale kifudifudi juu ya ubao, wimbi limsukume, mbele ya watu. Kwa hiyo nije kabla, na ubao wetu. "Mara moja tu ya mwisho, Leonia."
Sijawahi kuvuka mpaka. Hata dukani naagiza kwa kunong'ona.
Nitaenda.

Jumatatu, 12 Julai
Baba mdogo Selestini ameupiga ubao randa upya. Yeye ndiye aliyeuchonga, kutoka mlango wa jiko la zamani kule Ujiji. Mninga. Unanifika kidevuni, pua ameichonga ikainuka. Tundu la kitasa bado lipo – ndipo tunapoingiza kidole tukiteleza. Na namba ya sensa, 114, kwa rangi nyekundu. Alitaka kuifuta. Nilitikisa kichwa.
Mama: Umesomeshwa miaka yote hiyo ili ukalalie mlango ziwani? Ameniruhusu, lakini Jumatatu ijayo niwe kwenye cherehani ya shangazi.

Jumatano, 14 Julai
Sokoni Mwanga muuza dagaa alinipigia kelele: "We dada, mlango huo, nyumba umeiacha wapi?" Watu wakacheka. Nikajificha nyuma ya ubao. Wakacheka zaidi.
Mpakani tumekuta msafara wa wakimbizi wanaorudi. Malori sita, na juu ya kila lori – milango! Nilisahau kabisa. Anayerudi kwao moja kwa moja hubeba mlango wake, maana huko zimebaki kuta. Inamahoro mwenyewe aliondoka na mlango wao.
Karani mwenye orodha aliutazama ubao. Akaniuliza kwa Kirundi, mbona nimeachwa na wenzangu, nipande upesi. Nilitaka kueleza. Unaanzaje? Samahani mzee, huu ni mlango wa kutelezea? Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, nilielewa kila neno. Mdomo ukatoa moja tu: "Ego." Ndiyo.
Nimepanda. Nina namba sasa.

Alhamisi, 15 Julai
Kituo cha mapokezi. Nimepewa maharage, blanketi, mkeka na jembe. Nilijaribu kurudisha jembe. Bwana yule akadhani nataka kubwa zaidi. Nimepewa kubwa zaidi.
Wakauliza mlima wetu upi. Huku kila mtu ana mlima wake, ndio kijiji chake. Nikainama, nikalitazama jembe. Mama mmoja akaanza kunililia!
Kisha akaja bibi mwenye mkongojo, Vénérande. Aliutazama ubao kwanza. Akaugonga kwa kidole, akasikiliza. Ndipo akanitazama mimi. "Huyu ni wangu," akasema.
Nikanong'ona, kwako ni karibu na Nyanza-Lac? Akasema ziwa analiona akiwa kitandani.
Ego!

Ijumaa, 16 Julai
Asubuhi, hapa kwa bibi, nilikwenda kunawa uso tu. Kurudi – jirani yake, Calixte, amekwisha kupiga bawaba! Ubao wetu umesimama mlangoni, pua juu. Juu palipobaki wazi wametundika mkeka wangu. Calixte anauliza, vizuri au si vizuri?
"Ego."
Na ni vizuri kweli. Ndiyo shida.
Bibi ameufunga, ameufungua, ameufunga. Hana mlango tangu vita vya mwaka tisini na tatu. Analala ameketi, mgongo ukutani, mkongojo magotini. Leo anamwita kila apitaye: "Njoo uone! Mia moja na kumi na nne! Hata mimi nina namba." Mbuzi wa Calixte alikuja, akautazama, akarudi.
Jioni nilimwambia ukweli. Kwamba tunaulalia majini, wimbi linatusukuma. Alicheka mpaka akakaa chini. Watoto mliokulia Tanzania mna mizaha, mjukuu wangu! Akaufunga tena.
Calixte ameahidi kumpelekea Inamahoro habari kwamba nipo hapa.

Jumamosi, 17 Julai, alfajiri
Upepo! Mawimbi nayasikia hadi humu.
Inamahoro yuko nje, amekwisha kusukwa nywele za harusi. Jicho lake liko kwenye tundu. "We Leonia! Yamesimama kama kuta! Saa nne wananichukua. Lete ubao!"
Nimenong'ona, subiri.
Bisibisi ya Calixte iko dirishani. Bawaba mbili, skrubu nane.
Bibi amelala chali. Miguu ameinyoosha. Mkongojo ameuacha kule kwenye kona. Anakoroma kama injini ya boti.
Nimefungua skrubu moja. Nimeirudisha. Nimeifungua tena.
"Unafanya nini humo?"
Naandika, nimemwambia.
Kisha ameingiza kidole kwenye tundu, palepale tunaposhika siku zote.
Nimekishika kwa ndani.