Tangi Ulilonikataza

Karakana, Mikumi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua umeitika marahaba kabla Tatu hajamaliza kulisoma neno lenyewe, ndivyo ulivyo. Jicho lako je, bado linatoa machozi upepo wa kiangazi ukivuma? Nyuki wamerudi kwenye mizinga? Na Mama, ule mguu umepoa au bado anakataa kupumzika? Mimi huku ni mzima, nafanya kazi, nala, nalala. Kama nimekonda ni kwa sababu mboga za huku hazina karanga, na mlo usio na karanga mimi nauhesabu kuwa maji.

Tatu, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Kabla hujaendelea mwambie Baba akae. Akishakaa soma polepole, usiruke mahali, na akikuambia "ishia hapo" jifanye hukusikia.

Baba, nimeligusa tangi la petroli.

Sipindishi maneno. Naikumbuka siku uliyotoka hospitali baada ya lile pipa kukulipukia. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji kama kichwa cha mtoto, jicho limezibwa. Ukanishika kwa mkono uliobaki, mbele ya Mama, ukasema, "Hamisi, chuma chote nakuruhusu. Sufuria, jembe, baiskeli, hata kengele ya shule. Ila tangi la petroli usiliguse maishani. Ukiligusa, radhi yangu huna." Nikaitika. Miaka yote hii nimelishika neno langu. Madereva wa malori ya Zambia wananiletea matangi yao, nawaambia sijui. Wananicheka, eti fundi gani huyu, anaunga kila kitu isipokuwa chenye maana. Nikameza. Kwa hiyo usidhani nimefanya kwa ubishi, au kwa kuwa uko Tabora hunioni. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uamue kama bado mimi ni mwanao mwenye radhi.

Mambo yalianza na Bwana Lameki, bwana mifugo wetu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ng'ombe wa Wamasai walioko nyuma ya vilima, ndama wanakufa kila siku. Dawa ya chanjo ipo, lakini inabebwa ndani ya sanduku lenye barafu, na barafu ya huku haina subira. Gari la wilaya halipiti njia ile, ni mawe na makorongo matupu. Akienda kwa miguu anafika na sanduku la maji ya uvuguvugu. Siku moja akaja karakana amekaa juu ya lori, na nyuma yake kuna kitu kimefunikwa gunia.

Ilikuwa pikipiki. Lakini pikipiki gani, Baba! Nyembamba, ndefu ya miguu, kiti chake hakitoshi hata kuku. Aliyekuwa meneja wa shamba moja la mkonge huko Kilosa alikuwa akiichezea mashindano ya kupanda mawe. Ndiyo, mtu mzima na akili zake anatafuta jiwe kubwa ili alipande kwa pikipiki, kisha ashuke apigiwe makofi. Shamba lilipokuwa mali ya umma yeye akaenda zake, pikipiki ikabaki stoo inaliwa na kutu. Injini ilikuwa nzima kabisa. Vilivyokufa ni viwili: ekzosi imeoza, na tangi limetoboka chini kwenye mshono kama chekeche. Mtu fulani alikuwa ameziba matundu kwa sabuni ya mche.

Bwana Lameki akasema, "Ndugu Hamisi, mawe aliyochezea yule ndiyo njia yangu mimi. Nitengenezee." Nikamwambia ekzosi naweza, tangi siwezi. Akaniuliza kwa nini, nikajishughulisha na kukagua ekzosi. Akasema wiki ile wamekufa ndama kumi na mmoja kwenye boma moja tu. Nikaanza na ekzosi, maana hiyo hukunikataza.

Na hapo nilijiaibisha. Tumbo la ekzosi nililiunda kwa bomba la lori bovu, nikatengeneza na bomba dogo la ndani lenye matundu, sawasawa. Likabaki swali la kujaza nini katikati ili kunyonya kelele. Nikatazama huku na huku, nikaona katani. Wilaya hii imejaa katani, kila mtu anafungia mzigo kwa katani, nami nikashindilia katani kwa raha zangu. Petroli tukaitundika kwenye chupa kwa majaribio, injini ikawaka, ikanguruma taratibu, nikajisifu. Dakika tano baadaye moshi ukatoka mweupe, mzito, unanuka kamba iliyoungua, watu wakatoka mpaka nyumba za wageni kuja kutazama. Mama Pili akapiga kelele, "Njooni muone Mnyamwezi anavuta kiko cha mkonge wa taifa!"

Huyu Mama Pili lazima nikueleze. Ni Msagara, anauza chai na maandazi ubavuni mwa karakana, umri wake ni wa shangazi. Tangu aliposikia mimi ni Mnyamwezi, hajaniacha nipumue. Unajua mwenyewe utani wetu na watu wa huku, tangu babu zetu walipopita hapa na mizigo kichwani. Chai yangu huitia chumvi. Nami humwambia maandazi yake yanafaa kuzuia magurudumu ya lori mlimani. Ndivyo tunavyopendana.

Basi, katani nikaitoa, nikajaza vinyuzi vya chuma vinavyodondoka kwenye mashine ya kukereza. Hapo ekzosi ikatulia. Likabaki tangi.

Siku mbili nililizunguka. Siku ya tatu alipita mama mmoja wa Kimasai na ngozi ya ndama begani, akaenda zake. Nikachemsha maji.

Sikuliosha mara moja kama ulivyoliosha lile pipa, Baba. Naandika hivi bila kukuvunjia heshima, wewe mwenyewe ulisema hospitali kwamba mara moja ndiyo iliyokuponza. Nililiosha mara tatu kwa maji ya moto na magadi, nikatia changarawe nikalitikisa mpaka mabega yakauma. Nikalianika juani kutwa mbili, mdomo chini. Nikanusa: hakuna kitu.

Asubuhi ya kulehemu nakuta tangi halipo. Karakana nzima inatazama pembeni na kubana vicheko. Mama Pili yuko pale anakoroga chai. "Mnyamwezi gani anaanika mali yake uwanjani kwa Wasagara? Limetekwa. Lete kuku." Sasa wewe unajua, mtani akichukua kitu chako hukasiriki, unakomboa. Nikaenda kutafuta kuku, jogoo mzuri mwekundu, nikamkabidhi kwa kumpigia goti. Akalitoa tangi ndani ya khanga kama mwali, linang'aa. Watu wakapiga vigelegele.

Mkaa ulikuwa umeshakolea, chuma cha kulehemu kimeiva. Nikalikalisha tangi, nikakamata chuma, nikainama. Halafu, sijui niseme nini, nikaisikia sauti yako. "Pua kwanza, moto baadaye." Nilishanusa jana, Baba! Ilikuwa kazi bure kunusa tena. Lakini wewe ulikuwa ukinipiga kofi la kisogo kwa kusahau hilo hata tukiunga debe la maji, na kisogo changu hakijasahau. Nikaweka chuma mbali, nikaweka pua kwenye mdomo wa tangi.

Petroli. Mbichi, kali, inachoma macho.

Nikaruka nyuma, nikamwagia mkaa ndoo nzima ya maji. "Nani kaligusa hili?" Mama Pili, kwa furaha yake yote, akasema, "Mimi! Lilikuwa linanuka magadi, nikaona haya kukurudishia hivyo. Nikamwomba dereva wa lori alisuuze kwa petroli. Nimekuoshea bure, hata asante huna?"

Nikakaa chini kwenye matope.  Yeye akadhani naigiza, akacheka. "Ungekufa ningekuzika mimi, ndiyo kazi yangu. Ningevaa suruali yako nikawaonyesha waombolezaji unavyotembea." Watu wakaangua kicheko. Ndipo nikamweleza habari zako. Vidole vitatu vilivyoondoka, jicho moja lililozimika, na miaka uliyokaa bila kushika nyundo. Nilimweleza pale pale, mbele ya wote, kwa mara ya kwanza tangu nifike Mikumi.

 Mama Pili akaketi karibu yangu kwenye yale matope na khanga yake safi, akalia. "Nisamehe, mtani wangu. Utani una mpaka wake, nami niliuruka bila kuuona." Kuku wangu akanirudishia siku ile ile, ila amepikwa. Na maji ya kuoshea mara ya pili aliyachemsha yeye, tena hakuruhusu mtu mwingine ayaguse.

Nikarudia yote toka mwanzo, safari hii mara nne. Nikaliziba mdomo, nikalipindua, nikalijaza maji karibu mpaka kwenye kidonda ili ndani isibaki nafasi ya mvuke. Nikanusa mimi, akanusa Bwana Lameki, akanusa na Mama Pili. Kiraka nilikikata kwenye debe la mafuta ya kula. Na chuma nilicholehemea ni chako, Baba, kile ulichokitupa shimo la takataka ulipotoka hospitali. Nilikiokota jioni ile ile, nikakificha, nikaja nacho huku ndani ya blanketi. Hilo nalo nilikuwa sijakuambia. Risasi ya kulehemea ilitiririka kwenye mshono vizuri, bila mabonge, kama ulivyokuwa ukiitiririsha wewe. Nikajaza petroli, nikalitundika tangi juu ya jivu kavu kutwa nzima. Jivu halikulowa.

Nimeijaribu mwenyewe mpaka hapa Kilosa, ninapoimalizia barua hii na kuitia posta ili ipande treni. Njiani kuna kijiji kinaitwa Ulaya, kwa hiyo waambie majirani kwamba mwanao amefika Ulaya, tena kwa pikipiki. Na juzi Bwana Lameki alipanda nayo yale mawe, akafika barafu haijaisha, nami nikiwa nyuma juu ya chuma cha mzigo nilichokiongeza, nimemshika kiuno, nimefumba macho. Ng'ombe walinyanyua vichwa, wakatutazama, wakaendelea kula. Mzee wa boma akampa mkono. "Zamani ninyi watu wa serikali mlikuja na kelele, ng'ombe wakakimbia na sisi tukakimbia nao. Leo mmekuja kama wageni." Wakachanjwa wote.

Sasa, Baba. Madereva wamesikia, matangi yamepangwa mlangoni. Nimewaambia wangoje. Kazi naiweza, hilo nalijua sasa na sioni haya kulisema, lakini sitaligusa tangi la pili mpaka neno lako lifike. Ukisema hapana, itakuwa hapana, nitarudi kwenye sufuria na baiskeli na nitakurudishia chuma chako. Ila ukisema ndiyo, usiniandikie. Panda treni, shuka Kilosa, nitakuwa stesheni. Kule karakana kuna vijana wenye nguvu za kunyanyua injini, lakini hakuna hata mmoja anayejua kunusa. Umekaa bure miaka mingi ukidhani ufundi uliondoka na vidole. Kazi ya kwanza ya tangi haitaki vidole, Baba. Inataka pua, na yako ilitoka salama.

Mpe Mama salamu zangu zote, umwambie asilie, mambo yameshapita. Msalimie shangazi mfinyanzi, na babu mlinzi wa msikiti, na yule binamu wa mizinga umwambie bado namdai mkia wa yule sungura tuliyemtega utotoni. Mama Pili naye anakuamkia, anasema ukija chai yako ataitia chumvi, lakini kidogo tu, kwa heshima ya jicho.

Ni mimi mwanao, ninayeandika haya kwa vidole vyote kumi,

Hamisi