Mlango wa Mwene Kwenye Banda la Nguruwe

Kaka Elia, Igamba.

Shikamoo kaka. Mmeamkaje huko? Miguu ya mama inaendeleaje, au bado anakataa dawa anasema ni baridi tu? Mimi huku India mzima, nimenenepa, hawa watu samli wanamwagia kila kitu.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Unajua nikianza simalizi. Haya, barua huwezi kuikata. Anakuja nayo mkwe wa huyu bibi wa Kihindi ninayemtunza.

Sasa sikia. Bibi mwenyewe, si unajua amekulia Mbeya, Kiswahili chake kinampita hata wifi, akasema twende tukatembelee majumba ya wafalme wa zamani. Kaka, majumba! Moja lina madirisha madogo madogo mengi kama mzinga wa nyuki. Wafalme wenyewe siku hizi hawatawali, kwa hiyo mengine wameyafanya hoteli, mgeni unalala alipolala mfalme. Na sisi tukalala.

Basi tunafika mlangoni, namkuta mzee amesimama, kilemba chekundu, masharubu kayasokota mpaka mashavuni, upanga kiunoni. Nikasema moyoni huyu ndiye mwene wao, chifu mwenyewe. Nikapiga magoti palepale kwenye marumaru, nikapiga makofi taratibu kama mama alivyotufundisha. Mzee akababaika, akainama na yeye. Bibi alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

"Inuka wewe Tabu! Huyo bawabu, analipwa mshahara!"

"Bawabu gani ana upanga?"

"Anafungulia wageni milango ya magari!"

Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Lakini jioni bibi akaniuliza makofi yale nimeyatoa wapi. Nikamwambia babu yangu alikuwa mwene, na watu walikuwa wanapiga magoti mlangoni kwake kabla ya kusema shida zao.

"Na nyumba yake ipo?"

Kaka, mimi ambaye hata kanisani nanyamazishwa, nikageuka kumtafutia fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Maana wifi alikuwa ameshanitumia picha. Mabati ya nyumba ya babu umeyashusha, umepeleka kwenye fremu zako za maduka kule Chapwa. Na ule mlango wa mninga umefungia banda la nguruwe. Usimgombeze wifi, yeye aliona kichekesho.

Nimempigia magoti bawabu wa watu, na mlango wa babu yangu nguruwe wanajikunia. Imeniuma, sikufichi. Najua fremu zinasomesha watoto, sikatai. Ila ungenisubiri tu, hata tukabishana.

Mvua zinakuja. Tofali mbichi bila bati zitayeyuka kama sukari. Chukua lile turubai la kuanikia kahawa, funika kuta, weka mawe juu. Fanya leo.

Mama msalimie sana. Wifi naye, aendelee kunipa habari hata ukimkataza. Mama mdogo wa Isongole nasikia kagombana tena na wanakwaya, nataka kujua nani alianza.

Halafu kaka, bibi nilimjibu. Nilimwambia ipo, imesimama. Sasa anasema akija Mbeya lazima nimpeleke akalale kwa mwene. Jana kaniuliza ina vyumba vingapi, nikasema vinne.

Niachie hata kimoja.

Ni mimi mdogo wako mwenye mdomo,
Tabu