Reli ya Matete na Kuku wa Mama

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na picha. Sisi hapa Bweranyange tu wazima, kahawa imechanua, na babu yako sasa anatembea tena mpaka kanisani.

Unauliza umfanye nini paka anayelala juu ya reli ya treni yako ndogo, bustanini huko Ujerumani.

Nilipokuwa mtoto, baba alirudi likizo kutoka kazini bandarini Mwanza, akanichongea treni ya mti. Nikaitengenezea reli ya matete makavu kibanjani, chini ya migomba. Lakini kuku wa mama walichakura matandazo na kuivuruga kila siku. Baba aliporudi kazini, nikaizungushia miiba, ili akija tena aikute imenyooka.

Siku aliyokuja nikamshika mkono, nikampeleka. Nilipoisukuma treni, reli ikabomoka kama majivu. Mchwa walikuwa wameyala matete yote kwa ndani.

Nikalia. Baba akaondoa miiba, akawaita kuku, wakaja mbio wakaanza kudonoa.

"Unaona wanachokula?" akaniuliza.

Tukatandika matete mapya. Kuku wakaendelea kuyavuruga, nami nikawa nayanyoosha kila asubuhi kabla ya shule, mpaka treni yenyewe ikachakaa.

Paka wako mfukuze ukitaka, mama. Ila kwanza niandikie: mara ya mwisho kuona panya bustanini humo ilikuwa lini?

Ni mimi bibi yako, ambaye bado nafuga kuku.