Makopo Yaliyorudi Ndani ya Kikapu

Mpendwa Bi Zuena, mshauri wetu wa gazeti huko Bukoba, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana hapa Nyakasimbi kila ninayemweleza huanza kucheka nikiwa bado katikati, na mimi nina mke na mtoto mchanga ambao hawako nyumbani, na sababu ya kutokuwako kwao ni kikapu.

Mimi ni Abdulrahim, mwenye duka la nguo na chumvi. Baba yangu, Mzee Zubeiri, alikuja huku na misafara ya pwani kabla sijazaliwa, na mimi bahari sijaiona hata siku moja, lakini mambo ya pwani tunayashika, na kubwa kuliko yote ni mandari. Kila mwezi, Ijumaa moja baada ya sala, sisi wenye maduka hufunga milango tukashuka mpaka kwenye ziwa dogo lililo bondeni upande wa Kiruruma, tukiwa na mbuzi, wali, biskuti za kopo, samaki wa mafuta wa kopo, chupa za sharubati na ndoana zetu, tukavua kambare, tukachoma, tukala, tukaimba, na Bi Zuena sikufichi, hakuna siku tamu katika mwezi kama hiyo. Tukimaliza huacha kila kitu pale pale ukingoni, makopo, chupa, mifupa, kamba za ndoana zilizokatika, kwa sababu baba alitufundisha tangu utoto kwamba taka za mandari huachwa karibu na maji, maji yakijaa yatazichukua. Na kila tukirudi tunazikuta zinatungoja, na baba huzitazama akasema, "Subirini bamvua." Mwaka wa tatu sasa tangu tuanze kushuka hapo, tunasubiri bamvua, yale maji makuu ya bahari. Mimi nilianza kushuku zamani, lakini nani atamwambia mzee aliyekulia baharini kwamba maji haya hayajai wala hayapwi?

Sasa, shamba la migomba lililo juu ya ukingo ule ni la mama mkwe wangu, Bi Kokugonza, Mnyambo wa hapa hapa, mjane wa marehemu Othman fundi cherehani, naye ndiye aliyeturuhusu kupita shambani mwake. Hajawahi kutulalamikia, na isitoshe mtu na mama mkwe wake huku hawasemezani ovyo wala hawatazamani usoni. Mara moja tu alimtuma jirani yake atuulize, "Leo mmepata samaki?" nasi tukajibu kwa adabu kwamba tumepata wengi na tumeshiba, alhamdulillahi. Halafu miezi miwili iliyopita ndama wake akaingiza pua katika kopo letu la biskuti, likanasa, akakimbia nalo shamba zima akilaza maharage, watu wazima wanne wakamfukuza huku wanacheka mpaka wakakaa chini, lakini alipokamatwa pua ilikuwa imechanika, na Bi Kokugonza hakucheka.

Mke wangu Mwaja alikuwako huko, alikwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wetu wa kwanza, binti. Arobaini ilipokwisha nikawaalika wazee waje kumpokea, pilau likapikwa, tukakaa barazani tukingoja. Badala ya mke akaja yule jirani na kikapu kizuri, kimefunikwa jani la mgomba kama zawadi zinavyofunikwa huku, akapiga magoti akasema, "Mama amesema mlisahau vitu vyenu kwake, asije mkwe akakosa vyombo." Wazee wakasema mashallah, fungua tuone. Nikafungua. Makopo, Bi Zuena. Yameoshwa, yamepangwa, makubwa chini madogo juu, na chupa, na ndoana zetu zimefungwa vizuri katika kitambaa, na mifupa ya mbuzi pembeni. Baba akachungulia ndani, akasema, "Kumbe bamvua lilifika."

Mwaja ametuma neno kwamba atarudi siku kikapu kitakaporudi, na wewe unajua kikapu cha watu hakirudishwi kitupu. Nimetia kanga nikaitoa, nimetia sukari nikaitoa, nimetia chumvi nikaona natukana zaidi. Kwenda mwenyewe naona haya, baba siwezi kumwumbua, na binti yangu nimemwona mara mbili tu tangu azaliwe, na mara ya pili alinishika kidole nikakosa usingizi kwa furaha. Nataka warudi nyumbani. Niambie, nitie nini ndani ya kikapu?

Ni mimi, Abdulrahim wa Zubeiri, Nyakasimbi.

*

Mwanangu Abdulrahim, marahaba. Nilijitahidi nisicheke. Nilishindwa pale kwenye bamvua, na mpiga chapa naye akashindwa, akachanganya herufi zake, ndiyo maana gazeti limechelewa siku moja. Haya, tumekwisha kucheka. Sasa nikuseme.

Umeandika barua ndefu, umempa tarishi, akaipandisha vilima na kuishusha mpaka Bukoba, kumwuliza mwanamke usiyemjua, na huku mkweo yuko mwendo wa nusu asubuhi kutoka dukani kwako. Siku za mandari miguu yako huwa mizima kabisa.

Mimi nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani. Watu wa mjini walikuwa wakifanya mandari upande wao, wakasema maji yatachukua, na kweli yalichukua, yakatuletea sisi. Kovu la chupa ninalo unyayoni mpaka leo. Bamvua halili taka, mwanangu, hubadilisha tu mtu wa kuziokota. Ziwa lenu limekuwa rafiki mwema kuliko bahari, limekuonyesha taka zako mwenyewe miaka mitatu, na wewe ukajifanya huzioni kwa kumwogopa baba.

Wala mkweo hakukutukana. Angetaka kukutukana angeleta makopo machafu. Ameyaosha, amekufanya mgeni aliyesahau mali yake, akakuachia njia ya kutokea bila kugombana. Mimi nisingekuwa na subira hiyo, ningekuvalisha lile kopo la biskuti.

Lakini kuna jambo uliloliandika kwa mkono wako na hukulisoma. Alituma kuuliza kama mmepata samaki. Miaka mitatu mnapita shambani mwake, mnavua mbele ya nyumba yake, moshi wa kambare unaingia mlangoni kwake, na siku aliyouliza mkamwambia mmeshiba. Niliposoma hapo niliweka kalamu chini. Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mmekuja, tena kila mwezi. Mwenyeji amepona nini, mifupa?

Basi fanya hivi. Ijumaa ijayo shukeni wote na majembe na magunia, wala asile mtu kwanza. Okoteni kuanzia pale wanapochota maji mpaka kwenye mafunjo. Vioo vifukieni katika shimo refu, mbali na njia ya ng'ombe. Makopo mazima waulizeni wanawake wa Kiruruma kama wanayataka, kopo zima ni kikombe cha mtu. Ndoana, kila mtu aondoke na zake. Na baba yako usimwumbue. Mwombe awe mkuu wa kazi hiyo, yeye aliyewaletea mandari, awatangazie kwa kinywa chake kwamba ziwa hili halichukui. Mzee akipewa kuamuru hukumbuka upesi kwamba ndivyo alivyokuwa akifikiri siku zote.

Pakiwa safi, ndipo mvue. Kambare wa kwanza, na wa pili, na yule mkubwa kuliko wote hata mkimmezea mate, waingie kikapuni, wafunikwe jani bichi. Usitie kanga. Usitie sukari. Vitu vya dukani atadhani unanunua msamaha. Kikapu ukibebe wewe mwenyewe, mwenye duka, watu wakuone. Mlangoni piga hodi, tazama chini kama desturi inavyotaka, useme, "Mama, samaki hawa ni wako, na kule chini tumesafisha." Usiongeze neno, wala usianze habari za baharini. Kaa nje ungoje.

Nami nakuambia, mwanamke aliyekaa akayaosha makopo ya mkwewe bado hajamchoka. Utasikia kuni zinavunjwa, na mtu anacheka ndani, na huyo atakuwa Mwaja. Atatoka na binti yako akupe umpakate. Utataka kukimbia kwanza ukanawe, kwa kuwa utanuka kambare mpaka viwikoni. Usiende popote. Mpokee hivyo hivyo.